Maua ya Ndani ya Mama Justina

Kornelia Margwe alizaliwa Masieda, juu huko Mbulu, akakulia kwenye shamba la mahindi na maharage na ng'ombe wachache wa baba yake. Aliolewa kanisani na Basili, kijana wa kijiji jirani aliyekuwa amejifunza ufundi wa matrekta, na baada ya arusi akamfuata mumewe kwenye shamba la ngano la serikali, chini kwenye tambarare za Hanang. Watu wa kwao walimwonea fahari. Alikwenda kuishi kwenye nyumba ya saruji yenye bomba ndani.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye kambi ya wafanyakazi, karibu na uzio wa seng'enge. Ng'ambo ya uzio ilikuwa ngano tu mpaka miguuni mwa mlima. Msimu wa kiangazi, ngano ikishavunwa, upepo uliinua udongo na kuuleta moja kwa moja kwenye madirisha, na mtu alilazimika kuyafunga kutwa nzima, la sivyo hata ugali ulikuwa na mchanga.

Walipata mtoto mmoja, Justina. Alipofika umri wa kwenda shule, Basili alisema shule iko mbali na njia si salama, kwa hiyo mtoto apelekwe kwa bibi yake Masieda akasome huko. Kornelia alikubali. Bibi Efrazia, mama yake Kornelia, alikuja mwenyewe kumchukua mjukuu. Lori lilipoondoka, Kornelia alirudi ndani, akafagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa.

Maua alianza kuyapanda mwaka huohuo. Mke wa fundi mmoja wa kizungu, mkataba wa mumewe ulipokwisha, alimwachia kopo lenye ua la majani mekundu kama damu iliyoganda, yenye kingo za kijani. Akamwonyesha namna ya kukata tawi, kulitia majini na kungoja mizizi. Kornelia akakata, akangoja, na mizizi ikatoka. Akaomba matawi mengine kwa nesi Perpetua wa zahanati ya kambi, ambaye alikuwa na mti wa mpira wenye majani manene na ua moja linalotambaa. Basili alimletea makopo matupu ya grisi kutoka karakana, akayatoboa chini kwa msumari. Baada ya miaka michache sebule yao ilijaa kijani. Ua linalotambaa lilizunguka ukuta mzima juu ya kamba, likapita juu ya mlango wa chumba cha kulala na kurudi. Wageni walipokuja, Basili aliwakalisha katikati ya majani yale, akasema, "Haya yote ni kazi ya mama Justina. Anataka nini tena nje?"

Alisema hivyo kwa kujivunia, na mwanzoni Kornelia aliyasikia kama sifa.

Mambo yalibadilika baada ya ugomvi wa malisho. Ardhi ile ya ngano ilikuwa malisho ya Wabarbaig kabla ya matrekta kuja, na wenyewe hawakuwa wamesahau. Siku moja ng'ombe waliingia kwenye ngano changa, walinzi wakawapiga wachungaji, wachungaji wakajibu kwa fimbo, na mlinzi mmoja akapasuliwa kichwa. Wiki hiyohiyo nyumba moja ya kambi ilivunjwa na redio ikachukuliwa. Hakuna aliyejua ni nani, lakini kambini kila mtu alishajua jina la kumpa.

"Hawa Mang'ati sasa wataingia mpaka vyumbani," Basili alisema, akiwaita Wabarbaig kwa jina walilopewa na majirani. Akanunua kufuli kubwa, akagongomea komeo kwenye mlango wa mbele kwa nje. Nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja tu. Madirisha yalikuwa na nondo.

"Unafunga kwa nje na mimi niko ndani?" Kornelia aliuliza.

"Ufunguo ukiwa ndani, mtu atakutisha utamfungulia. Ukiwa kwangu, huwezi kumfungulia hata ukitaka. Ni usalama wako."

"Na nikitaka kwenda dukani?"

"Niambie unachotaka, nitaleta."

Akadhani ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Mambo yakatulia, walinzi wakarudi kucheza bao getini, lakini kufuli lilibaki. Basili alitoka alfajiri na lori la wafanyakazi, akafunga, akarudi jioni, akafungua. Jumapili walikwenda kanisani pamoja. Hakuwa mtu wa kupiga. Hakuwa mlevi. Ukimwuliza mtu yeyote pale kambini angekwambia Kornelia amepata mume. Hiyo ndiyo iliyomfanya ashindwe kumweleza mtu jambo lenyewe, kwa maana angeanzia wapi? Kila alipoomba kwenda Masieda kumwona mtoto, aliambiwa ngoja tumalize kupanda. Wakimaliza kupanda, ngoja tuvune.

Mtu pekee aliyezungumza naye katikati ya juma alikuwa Konsolata, mwanamke wa Kibarbaig kutoka upande wa Getanuwas. Zamani Konsolata aliingia kupitia getini kuuza maziwa. Baada ya ugomvi walinzi walimzuia, naye akawa anapenya chini ya seng'enge nyuma ya nyumba ya Basili, pale ambapo mvua ilikuwa imechimba mfereji, akaja mpaka dirisha la jikoni. Kibuyu kilipita katikati ya nondo kwa kulazwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini alikitumia bila aibu.

"Wewe mgonjwa?" alimwuliza Kornelia siku za mwanzo.

"Si mgonjwa."

"Basi mbona hutoki?"

"Mume wangu anafunga."

Konsolata alizunguka mbele, akalitazama kufuli, akarudi dirishani. "Kwetu tunafunga ndama," alisema, "asinyonye maziwa yote. Wewe unanyonya nini?"

Kornelia alicheka mpaka akashika nondo. Halafu usiku ule, akiwa kando ya mumewe, neno lile halikumchekesha tena.

Wadudu waliingia mwishoni mwa mvua. Kornelia aliwaona kwanza kwenye ua la majani mekundu, pale jani linapoungana na shina: kitu cheupe kama pamba iliyonaswa. Akakiondoa kwa ukucha, kikapasuka na kuacha rangi ya njano. Siku chache baadaye aliona pamba nyingine kwenye mpira, chini ya majani, na sakafu chini ya kopo ilikuwa inanata. Sisimizi walishajipanga kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka juu ya shina, wakipanda na kushuka. Majani yaliyonata yakashika vumbi, na juu ya vumbi pakaota weusi kama masizi.

Alimtumia Perpetua jani moja ndani ya karatasi, na Perpetua akalionyesha kwa bwana shamba. Jibu likarudi na mumewe jioni. "Wanaitwa vidung'ata," Basili alisema. "Wananyonya maji ya mmea. Hao sisimizi wanakula utamu wanaoutoa nyuma, kwa hiyo wanawalinda na kuwahamisha. Bwana shamba anasema osha kwa maji ya sabuni."

Sabuni. Ilikuwa miaka ile baada ya vita ambapo sabuni ilikuwa habari. Duka la ushirika likiletewa, watu walipanga foleni tangu asubuhi, na kipande kimoja kilikatwa kwa uzi kikagawanywa nyumba mbili. Kornelia alikuwa na kipande kidogo kama kidole gumba, cha kufulia ovaroli za Basili zenye grisi. Alikwangua nusu yake, akaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kufuta jani moja baada ya jingine kwa kitambaa, juu na chini. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufungiwa, siku ilikwisha bila yeye kujua.

Kwa muda mfupi ikaonekana wamekwisha. Halafu pamba zikarudi, nyingi zaidi.

Alijaribu majivu. Yaliwazuia sisimizi kidogo na kuchafua zulia. Konsolata akamletea tumbaku kavu ya mama mkwe wake, Kornelia akailoweka usiku kucha, akanyunyiza kwa ufagio mdogo. Nyumba ikanuka kama kibanda cha pombe, wadudu wachache wakaanguka, wengine wakabaki ndani ya mikunjo ambako maji hayafiki. Jumapili, kanisani, Perpetua akampa spiriti kidogo kwenye chupa ya dawa, akamwonyesha kuzungushia pamba kwenye kijiti na kumgusa kila mdudu. Hiyo ilikuwa dawa nzuri kuliko zote. Aliyeguswa alibadilika rangi akafa papo hapo. Lakini spiriti ya zahanati ilikuwa ya sindano na vidonda, na Perpetua hakuweza kutoa tena.

Basi akawa anawatoa kwa mkono. Alianza asubuhi mlango ulipofungwa, akamaliza mchana, akaanza tena. Alijua kila ua lilivyo. Alipolala, akifumba macho aliona vidoa vyeupe. Ua linalotambaa lilianza kudondosha majani, na kila jani lilipoanguka alijikuta ameshtuka, kama mtu aliyeitwa.

"Yatupe," Basili alimwambia. "Tutaanza mengine."

"Siyatupi."

"Ni majani tu, mama Justina."

Aligeuza jani jingine. Angemwambia nini? Kwamba hana mwingine wa kumtazama tangu asubuhi? Basili aliona mkewe amekonda na vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa masizi ya majani, akaona pia ovaroli zake hazifuliwi vizuri kwa kuwa sabuni inakwenda kwenye makopo. Alikuwa mtu wa mitambo. Kitu kikiharibika alitafuta chombo cha kukitengeneza, na chombo alikuwa nacho.

Asubuhi moja alirudi kutoka karakana na bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia, na chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa ngano. Kwenye chupa kulikuwa na picha ya fuvu na mifupa.

"Hiyo si ya shambani?" Kornelia aliuliza.

"Ya shambani ndiyo yenye nguvu. Mdudu ni mdudu. Kaa chumbani, ufunge mlango, usifungue madirisha mpaka jioni, dawa isikimbie."

Alichanganya kwa kukisia, akajifunga kitambaa puani, akanyunyiza sebule nzima, majani, kamba, kuta, mpaka makopo yakatiririka. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Alitoka mbio, akavuta mlango, na mkono wake ukafanya kile ulichokuwa unafanya kila siku. Kornelia alisikia kufuli likilia.

Alikaa kitandani. Harufu ilipita chini ya mlango, kali, kama kitunguu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Akaziba upenyo kwa kanga. Akasubiri. Lakini alikuwa anayafikiria majani machanga ya lile ua jekundu, yaliyokuwa yametoka juma lile, na mwisho akafungua mlango ili atazame tu. Dawa ilikuwa inadondoka kwenye ncha za majani. Machanga yalikuwa yameshaanza kujikunja. Akachukua kitambaa akaanza kuyafuta, kwa mikono mitupu, akahamisha kopo moja kisha jingine mbali na madimbwi, na mikono ikalowa mpaka kwenye viwiko. Hakuhisi maumivu yoyote. Alifuta kwa muda mrefu.

Kwanza mate yakajaa mdomoni. Akameza, yakajaa tena. Halafu jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Alipoinua macho, chumba kilikuwa na giza, kana kwamba mtu ameshusha pazia. Akaenda jikoni kunawa, akatapika kwenye beseni. Kifua kilikuwa kinabana. Nyama za mapaja zilikuwa zinachezacheza zenyewe chini ya ngozi, na hakuweza kuziamuru zitulie.

Alikwenda kwenye mlango akausukuma. Alijua umefungwa, lakini aliusukuma. Akaupiga ngumi, akaita. Hakuna aliyejibu, maana asubuhi ile sabuni ilikuwa imefika duka la ushirika na wanawake wote wa kambi walikuwa huko, upande wa pili, kwenye foleni. Wanaume walikuwa shambani. Akajivuta mpaka dirisha la jikoni, akalifungua, akaweka uso katikati ya nondo ili avute hewa ya nje. Hapo ndipo Konsolata alipomkuta alipopenya chini ya uzio na kibuyu chake.

"Mama Justina! Uso wako una nini?"

"Dawa," Kornelia alisema. Povu lilimtoka na neno. "Nifungulie."

Konsolata aliweka kibuyu chini. Alikimbia mbele, akalivuta kufuli, akapiga kelele kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Halafu akainama kwenye kingo za bustani, ambako Basili alikuwa amepanga mawe na kuyapaka chokaa, akang'oa moja, akaanza kulipiga komeo. Kufuli halikukubali. Misumari ndiyo iliyokubali. Ubao ulipasuka, komeo likang'oka na kufuli lake likiwa bado limefungwa, na mlango ukafunguka.

Alimkuta Kornelia ameanguka karibu na meza. Akambeba mgongoni kama mtoto, akamfunga kwa shuka lake, akakimbia naye kupita nyumba zote mpaka zahanati, sketi yake ya ngozi ikimpiga miguuni.

Perpetua alikuwa ameshawahi kuona wanyunyiziaji wakiletwa hivyo. Alimtazama macho mara moja, mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, akafungua kabati la atropini, dawa ya kuzuia sumu ile. Akamchoma, akamvua nguo zote, akaamuru maji. Yeye na Konsolata walimwosha mikono na mwili tena na tena. Perpetua akachoma tena, akasikiliza kifua, akachoma tena. Mchana ulipofika, mate yalikuwa yamekauka na Kornelia aliweza kutaja jina lake na la mtoto wake.

"Konsolata yuko wapi?" aliuliza.

Perpetua aliangalia pembeni. "Alitoka kwenda kuchukua kibuyu chake. Walinzi wamemkamata pale nyumbani kwako. Mlango umevunjwa, naye ana jiwe, wanasema wamempata mwizi wa redio. Wamemfungia kwenye stoo ya matairi."

"Wamemfungia?"

"Usiinuke. Meneja ameitwa. Na getini kuna wanaume wa Kibarbaig, mume wake Gidamis na wenzake, wana fimbo. Lala, mama Justina. Wanaume watamaliza."

Kornelia alilala kidogo akiangalia dari. Hakuwa na nguvu, na hakuwa na hamu ya kumwaibisha mtu. Alijua akisimama mbele ya watu na kusema mlango ulifungwa na nani, habari itapanda mpaka Mbulu kabla ya Jumapili. Atakuwa mwanamke aliyemvua nguo mumewe hadharani. Akinyamaza, Basili atasema neno lake, na ni neno la msimamizi wa mafundi. Aliinua mikono akaitazama.

"Nipe kanga," alisema.

Perpetua alimshika kiunoni wakaenda polepole mpaka uwanja wa karakana. Meneja alikuwa amesimama mbele ya stoo na walinzi wawili, na Basili, ambaye alikuwa ameletwa na gari kutoka shambani, ovaroli yake ikiwa na vumbi. Upande wa pili wa geti Gidamis alisimama na watu wake. Alikuwa mrefu, na hakuwa ameinua fimbo, aliiegemea.

"Shikamoo, meneja," Kornelia alisema.

"Marahaba, mama. Pole sana. Mbona wamekuamsha?"

"Sijaamshwa. Nimekuja kusema huyu mama si mwizi. Mlango aliuvunja kunitoa mimi."

"Hilo nesi ametueleza," meneja alisema. "Lakini bwana wako anasema ulikuwa na ufunguo. Kama ulikuwa nao, kwa nini mlango uvunjwe?"

Kornelia alimgeukia Basili. Basili alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba Justina, ufunguo uko wapi?"

Basili alikung'uta vumbi kwenye ovaroli.

"Uko mfuko wa kulia wa suruali, ndani ya ovaroli," Kornelia alimwambia meneja. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu walisogea ili wasikie. "Ndiko unakokaa. Hufunga asubuhi akitoka na hufungua jioni akirudi, tangu ule ugomvi wa ng'ombe. Mimi sijawahi kuushika. Leo alipiga dawa ya shambani ndani akafunga, kwa mazoea tu, sidhani alikusudia. Huyu Konsolata asingekuja mngenikuta jioni."

Meneja alimgeukia Basili. Basili akaingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa ufunguo, akaushika kiganjani kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Mlinzi mmoja, bila kuambiwa, alifungua stoo ya matairi. Konsolata alitoka akiwa na mistari ya vumbi jeusi mikononi. Alipompita Kornelia alimgusa bega, akaenda getini kwa mumewe, na Gidamis akawageuza watu wake wakaondoka kupitia njia ya magari, katikati kabisa, bila haraka.

Jioni ile Basili alifungua madirisha yote, akatoa makopo nje, akapiga deki nyumba mpaka kiza. Alilala kwenye kiti. Kornelia alilala zahanati. Asubuhi mumewe alikuja na uji.

"Nilikuwa nakulinda," alisema.

"Najua."

"Nilisema uongo mbele ya watu."

"Nalo najua. Nataka kwenda Masieda."

"Tukimaliza kuvu..." alianza, akalikata neno. Akamtafutia nafasi kwenye lori la kwenda Katesh, na kutoka hapo Kornelia akapanda basi.

Alikaa kwa mama yake msimu mzima. Bibi Efrazia hakumwuliza mengi. Alimpa jembe dogo la palizi, na Kornelia alilima karibu na mtoto wake aliporudi shuleni. Justina alikuwa amerefuka na alimwita mama kwa haya, kama mgeni, kwa majuma kadhaa. Vidole vya Kornelia vilikuwa na ganzi, na macho yalichukua muda kuzoea jua. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yake, kama alivyojua. Kuna waliomsema. Kuna mwanamke mmoja aliyemngoja njiani kutoka kisimani ili amwambie, kwa sauti ya chini, kwamba hata kwake mlango unafungwa.

Basili alikuja baada ya mavuno, akiwa na mjomba wake Yoakimu, mzee wa kanisa. Walikaa nje, wakanywa togwa, wakazungumza mvua na bei ya mbegu, mpaka Yoakimu alipofika kwenye neno. Kornelia alisema atarudi kama hakuna kufuli kwa nje, na kama atakuja Masieda kila shule zikifungwa bila kuomba. Basili alisema sawa. Alisema hivyo mbele ya mzee, ambalo kwao si jambo dogo. Lakini Kornelia, akimsindikiza mtoto kulala, hakujisikia kama mtu aliyeshinda. Alijisikia kama mtu anayerudi.

Nyumbani alikuta mlango mpya, na makopo yamerudishwa sebuleni. Basili alikuwa ameyamwagilia wakati wote ule, kupita kiasi. Mengine yalikuwa yameungua kwa dawa na kubaki vijiti. Kwenye yaliyopona, Kornelia aliinua jani la kwanza na pale kwenye kikonyo akakuta pamba nyeupe. Dawa ile yote, na walikuwa wamerudi. Aligonga kopo moja likatoa donge la udongo, akaona: kwenye mizizi, vidung'ata walijazana kama unga uliomwagika. Walikuwa chini muda wote, ambako alikuwa hajawahi kutazama.

Aliyabeba makopo yote nje, nyuma ya nyumba. Akakata ncha zilizokuwa safi, akaziosha kwa maji ya sabuni moja moja, akazitia majini. Mengine yote alichimba shimo akayachoma, mizizi na udongo wake. Kazi ilichukua siku nzima na Basili alimsaidia kubeba kuni. Makopo aliyachemshia maji. Udongo mpya aliukaanga kwenye karai kabla ya kupanda, kama Perpetua alivyomshauri. Baada ya hapo wadudu walionekana mara mojamoja, na alikuwa akiwamaliza kwa kijiti siku ya kwanza anapowaona.

Jambo gumu lilikuwa lingine. Basili alitoka alfajiri, mlango ukabaki umerudishwa tu, na Kornelia hakutoka. Alikwenda mpaka kizingitini, akasimama, akarudi kupika. Siku iliyofuata vilevile. Hakuna aliyemzuia. Aliogopa macho ya wanawake wenzake, aliogopa walinzi, aliogopa kitu ambacho hakuwa na jina lake. Alingoja maziwa yaje dirishani, na Konsolata alipokuja, aliupita mlango usio na kufuli akaenda kusimama kwenye nondo kama zamani, kwa kuwa alimkuta Kornelia huko.

"Sasa nani anakufunga?" Konsolata aliuliza.

Kornelia hakucheka.

Ilipita sehemu kubwa ya kiangazi kabla hajajaribu. Siku hiyo alivaa viatu vya kanisani, kwa sababu hakuwa na vingine vya safari, akatoka, akapita nyumba za wenzake, akawasalimu waliokuwa nje, wakaitikia. Getini mlinzi aliinua kichwa kutoka kwenye bao, akamtazama, akarudia mchezo wake. Kornelia alifuata barabara ya magari katikati ya mabua ya ngano, upepo ukimjaza vumbi mdomoni, akauliza njia kwa wachungaji, na mchana akafika kwenye boma la Gidamis.

Konsolata alikuwa anapaka samadi ukutani. Alijifuta mikono, akamletea kigoda, akamletea maziwa.

"Umemwambia nani unakuja?"

"Sijamwambia mtu."

Walikaa. Mbuzi walikuwa wanakuja wanakwenda. Walizungumza habari za watoto, na za mama mkwe wa Konsolata aliyekuwa ndani, mgonjwa wa miguu, na Kornelia aliingia kumwamkia. Jua liliposogea alinyanyuka. Konsolata alimsindikiza mpaka njia panda, kisha akarudi, maana ng'ombe walikuwa wanakaribia na alikuwa na kazi ya kukamua.

Kornelia alikwenda peke yake sehemu iliyobaki. Miguu ilimuuma. Basili alikuwa amekaa nje ya nyumba alipofika, na lori lilikuwa limesharudi. Alimtazama akija tangu mbali. Alisogea kwenye benchi ili kuwe na nafasi.

Kornelia alisimama kwanza. Halafu akavua viatu, akakaa.